Jembe Lililofundishwa Kubisha Hodi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo mchana, na mimi nimeanza kuandika. Mkuu wetu wa ofisi, mwanamke kama mimi, amenipa kazi mimi na Mwalimu: tujaribu zana tatu mpya za kuandikia programu, tuzilinganishe, tutoe maoni, kisha ofisi ichague moja. "Andikeni kila mnachokiona," amesema. Ripoti yake nitaiandika kwa lugha ya ripoti. Humu nitaweka yale ambayo ripoti haiyataki.

Tuko wanne tu, ghorofa ya juu kabisa, na chini yetu kuna duka la magodoro. Tunatengeneza programu ambazo zahanati huzitumia kupanga siku za wagonjwa na chanjo za watoto. Miaka yote tumeandika kwa zana moja ya zamani tunayoiita Kobe, kwa jinsi inavyoamka asubuhi. Sasa wenyewe wametangaza kwamba mwisho wa Mei wanaifunga, na ikishafungwa haifunguki tena, kwa sababu inategemea kompyuta zao huko waliko.

Mwalimu ndiye aliyetufundisha kazi sote, hata Mkuu mwenyewe. Ana miaka hamsini na kitu, miwani minene kama kitako cha chupa, na utani mkavu ambao unaufahamu ukiwa umeshafika nyumbani. Habari ya Kobe aliipokea kwa kusema "Haya," akaendelea kunywa chai.

"Huna neno, Mwalimu?" Mkuu akamuuliza.

"Kobe amenizoea. Na mimi nimemzoea."

Nikajisemea moyoni, huyu atanitoa jasho.

Jumatano, 6 Machi

Zana zimepewa majina. Kazi hiyo ameifanya Bishoo, mwenzetu wa nne, ambaye shati lake halina mkunjo hata akipita kwenye matope. Ya kwanza ni nzuri ya kupendeza, rangi zimepangwa, vitufe vinameremeta: Bibi Harusi. Ya pili inakumalizia sentensi kabla hujafika katikati: Kasuku. Ya tatu ni ya kijivu, maandishi na basi: Jembe.

"Hii imetengenezwa na mtu aliyegombana na rangi," Bishoo amesema.

Jumanne, 12 Machi

Nimependa, sifichi. Bibi Harusi inanielewa. Naandika kwa maneno machache ninachotaka, inanipangia msimbo, yaani yale maagizo tunayoiandikia kompyuta, na ninapokosea inanichorea picha ya kosa lilipo. Kazi niliyodhani ya wiki imeisha kabla ya chakula cha mchana.

Nimerudi nyumbani naimba. Mume wangu ni fundi wa lifti, na msimu huu maji huingia kwenye mashimo ya lifti, kwa hiyo hurudi na viatu vinavyotoa sauti ya chura. Akaniuliza nina nini. Nikamweleza.

"Ikiharibika, inafunguka?" akauliza.

"Inafunguka vipi?"

"Mtu anaweza kuona ndani kuna nini?"

Nikamwambia si kila kitu duniani ni lifti. Akasema hilo amelisikia, akaenda kuanika soksi.

Ijumaa, 15 Machi

Maoni ya Mwalimu kuhusu Bibi Harusi, yote kwa jumla: "Hainifai." Kuhusu Kasuku: "Ina maneno mengi." Nimemwomba sababu. Akasema hizo ndizo sababu.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Mapacha wamepoteza viatu shuleni, mmoja wa kulia, mwingine wa kushoto. Sasa wana jozi moja baina yao na wanapokezana kwa amani ya ajabu.

Jumatano, 27 Machi

Leo nimeshindwa kuvumilia. Mbele ya Mkuu nimesema kwamba ripoti ina kurasa kumi za kwangu na mistari miwili ya Mwalimu, na kwamba sidhani kama mwenzangu amezijaribu hizo zana kwa dhati.

Mwalimu hakuinua sauti. "Nimezijaribu kuliko unavyodhani, Mama Pacha." Ofisini hilo ndilo jina langu tangu nijifungue.

"Basi tuambie ulichokiona."

Akacheka kidogo peke yake, kama mtu aliyekumbuka jambo. Mkuu akasema katikati ya Aprili tunapiga kura, awe tayari asiwe tayari.

Nimemlalamikia mume wangu jioni nzima. Nimesema Mwalimu amezeeka, anaogopa vitu vipya, anatuvuta nyuma. Mume wangu akauliza kama huyo ndiye mtu yuleyule aliyenifundisha kazi kwa mwaka mzima bila kuchoka. Nilijua ni yuleyule, na ndicho kilichokuwa kinaniudhi.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nina mengi.

Baada ya chakula cha mchana ilipiga radi moja, umeme ukakatika. Bishoo akatangaza kwamba huo ni wito wa kwenda nyumbani. Mkuu alikuwa kwa wateja. Nikafunga kazi, nikamimina chai iliyobaki kwenye chupa, vikombe viwili, nikaona nimpelekee Mwalimu, maana tangu siku ile ya ripoti tulikuwa tunasalimiana kwa adabu mno.

Yeye alikuwa bado anaandika. Hedifoni masikioni, vidole vinakwenda kwenye kibodi kwa kasi ileile ya siku zote. Nikasogea. Skrini ya kompyuta yake ilikuwa nyeusi kabisa.

"Shikamoo tena, Mwalimu. Kompyuta yako imezima."

Akavua upande mmoja wa hedifoni. "Haijazima."

"Skrini ni nyeusi."

"Najua. Inakula betri bure."

Nilisimama na vikombe vyangu viwili. Nilitazama skrini, nikamtazama yeye, na nikaona kwamba hanitazami mimi. Anatazama pale sauti yangu inapotoka. Ni vitu viwili tofauti, na sikuwahi kuviona tofauti.

Akanipa hedifoni nisikilize. Kuna sauti ilikuwa inasema kwa kasi ya mtu anayemimina maharage kwenye sinia. Sikuambulia hata neno.

"Nini hiki?"

"Msimbo wako wa jana. Kuna mahali umesahau kufunga mabano."

Nilidhani ni utani wake. Nikawasha kompyuta yangu, nikaangalia. Nilikuwa nimesahau kufunga mabano.

Basi akanieleza, huku tunakunywa chai. Macho yalianza kuondoka zamani kidogo, yakianzia pembeni, kama mtu anayezima taa za nyumba chumba kwa chumba. Daktari wa macho alimwambia hakuna dawa ya kuyarudisha. Sasa anaona mwanga wa dirisha, na mimi ananiona kama nguo iliyoanikwa. Nyumbani, mkewe alimsomea maelekezo ya programu inayosoma skrini kwa sauti, wakajifunza pamoja, yeye akaongeza kasi kila mwezi mpaka mkewe akasema sasa huyo anaongea na majini. Kobe ni mzee na ana sura mbaya, lakini kila anachokionyesha kipo pia kwa maneno, na maneno yanasomeka. Hizi zana mpya zimejaa picha.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, Mkuu angenifanyia sherehe. Keki, hotuba, na saa ya ukutani. Sasa mimi saa ya ukutani nitaifanyia nini?"

Nikacheka, halafu nikajizuia.

"Cheka tu," akasema. "Mimi mwenyewe nimeicheka mwezi mzima na sikuwa na wa kucheka naye."

Ameniomba nisimwambie mtu mpaka aseme mwenyewe. Nimekubali, kwa sharti moja: anieleze neno kwa neno kwa nini Bibi Harusi haimfai. Akavuta kiti kwa mguu, akakigonga mgongo mara moja. "Kaa."

Tulikaa mpaka umeme uliporudi. Kuna jambo jingine pia. Paa la bati liko juu ya meza yake, na tangu masika yaanze amekuwa akiongeza sauti mpaka masikio yanamuuma. Mimi kelele hiyo nilikuwa nasema inaleta usingizi mzuri.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimeweka kwenye kompyuta yangu ile programu ya kusoma skrini, nimefunga macho kwa mtandio, na nimefungua Bibi Harusi mpenzi wangu.

"Kitufe," ikasema. "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe."

Kitufe cha nini? Haikusema. Ilikuwa kama mgeni anayeingia sebuleni kwako na kukutajia viti, kiti, kiti, meza, kiti, bila hata kukujulia hali. Kasuku ndiyo balaa kabisa. Kila inachokisia inakitamka, na inakisia kila herufi, kwa hiyo nilikuwa naandika neno moja huku nasikia mengine kumi.

Jembe likanishangaza. Lilisema kila kitu, waziwazi na kwa utaratibu. Tatizo lake ni moja tu, ila ni kubwa: ukikosea linachora mstari mwekundu na kukaa kimya. Niliandika ukurasa mzima juu ya kosa la mstari wa kwanza, na halikuniambia.

Mapacha waliniona, nao wakataka kufungwa macho. Mume wangu alipoingia alitukuta watatu tumekaa mezani na vitambaa usoni, kompyuta inasema kitufe, kitufe. Hakuuliza kitu. Akavua viatu vyake vya chura, akaomba kitambaa chake.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimemhamishia Mwalimu meza yake kwenye stoo, ambako dari ni ya zege. Kwa wengine nimesema paa linavuja pale alipokuwa. Bishoo, kwa moyo wake mwema, ameweka ndoo mahali hapo.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua ya kutwa. Ndoo kavu.

Ijumaa, 12 Aprili

Jana mimi na Mwalimu tuliwaandikia watengenezaji wa zana zote tatu. Yeye alisema, mimi niliandika. Hatukulalamika. Tulieleza jambo kwa jambo: ukifanya hivi inasema hivi, mtu alihitaji kusikia vile. Nimeandika maoni mengi katika kazi hii lakini sijawahi kuandika maoni yaliyonyooka namna hiyo.

Wa Bibi Harusi walijibu palepale: asante kwa maoni yako, ni muhimu sana kwetu. Jibu lilifika kabla sijaondoa mkono kwenye kibodi, kwa hiyo ama wanasoma kwa kasi ya Mwalimu ama hakuna aliyesoma. Kasuku wametuomba tuwape nyota. Jembe kimya.

Jumanne, 16 Aprili

Siku ya kura.

Tulikaa kwenye meza ndefu, mvua inashindilia bati, Mkuu anapaza sauti kama yuko kiwandani. Bishoo akasema Bibi Harusi. Mkuu akasema naye anaelekea huko. Wakanigeukia mimi.

"Ningeomba tusubiri kidogo," nikasema.

"Tusubiri nini? Si wewe uliyetuimbia Bibi Harusi mwezi mzima?"

"Ni mimi. Lakini kuna mambo nimeyaona baadaye."

"Mambo gani?"

Nikaanza kupanga karatasi zangu upya. Nilikuwa nimeahidi. Mkuu alikuwa ananiangalia kama mtu anayeangalia programu iliyokwama.

"Mwache Mama Pacha," Mwalimu akasema. "Amebeba mzigo wangu."

Akavua miwani, akaiweka mezani. "Hii nimekuwa naivaa kwa heshima yenu tu. Sioni. Nina muda sioni. Zana mnayoichagua nimeijaribu, na mimi ndani yake ni sawa na mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yenye taa."

Mvua ndiyo ilikuwa inaongea. Mkuu akainuka, akaenda dirishani, akatupa mgongo.

"Mfumo wa chanjo," akasema akiwa hukohuko. "Uliuandika lini?"

"Mwaka jana."

"Ulikuwa unaona?"

"Niliuandika kwa masikio."

"Na siku ile nilikusifia mchoro wako ubaoni?"

"Ule uliuchora wewe, mwanangu. Mimi nilikuwa nasema tu."

Mkuu akageuka. Nilitegemea machozi. Kumbe alikuwa amekasirika. "Tunakula meza moja kila siku. Umenifundisha kazi yote niijuayo. Na hukuniambia. Ulidhani nitakufukuza?"

"Nilidhani utanihurumia. Ningefukuzwa ningekuwa na nafuu."

Akarudi kukaa. Akamsogezea miwani yake karibu na mkono. Halafu, taratibu, akaanza kucheka, cheko la mtu aliyechoka, akisema, "Mwaka mzima nakuonyesha picha za mtoto wangu kwenye simu na unaniambia amefanana na mimi."

"Hajafanana?"

"Amefanana na baba yake, Mwalimu, kila mtu anajua."

Ndipo Bishoo akanyoosha mkono, jambo ambalo huwa hafanyi. "Nauliza kwa nia njema. Watatu tuache zana nzuri kwa ajili ya mmoja?"

Nilitaka kumrukia. Mwalimu akasema ni swali halali. Mkuu akasema kazi yetu tunaiandika kwa pamoja, mmoja akianza mwingine anamalizia, kwa hiyo zana mbili ni ofisi mbili. Nikawaeleza barua zetu kwa watengenezaji na majibu yaliyofika, naye akasema hakuna uamuzi mpaka Jembe wajibu. Wasipojibu kabla Kobe hajafungwa, tutakaa tena. Hakusema tutakaa kuongea nini.

Tulipokuwa tunatoka, Bishoo akaninong'oneza, "Kumbe ndiyo maana ndoo."

Ijumaa, 19 Aprili

Jembe wamejibu. Ameandika mtu kabisa, mwanamke, mmoja wa watatu waliolitengeneza. Anaomba radhi kwa kuchelewa, walisoma barua yetu pamoja. Anaomba tumpigie, na anaomba, kama Mwalimu hatajali, amsikilize akifanya kazi.

Jumatano, 24 Aprili

Simu ilipangwa saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi mvua ilishuka kana kwamba ilialikwa. Stoo nayo haikusaidia, maji ya mfereji yanapita ukutani. Dada wa Jembe akawa anasema "samahani?" na sisi tunasema "samahani?" mpaka Mkuu akasema, "Chini."

Duka la magodoro ndilo mahali penye ukimya kuliko pote mtaani. Sauti ikiingia mle haitoki. Mama mwenye duka alitutazama wanne na kompyuta yetu, tunadondosha maji mlangoni pake.

"Karibuni. Ila msiyavue magodoro nailoni."

Tukakaa. Mwalimu kwenye kitanda kikubwa cha mfano, kompyuta mapajani. Mimi ubavuni pake. Mkuu alijibanza katikati ya marundo mawili ya magodoro. Bishoo alipata godoro la mtoto.

Mwalimu akaanza kufanya kazi kama kila siku, na sauti ya kompyuta yake tukaielekeza kwenye simu. Kwanza kwa kasi yake. Dada wa Jembe akauliza kama mtambo umeharibika. Akaipunguza. Kisha akakosea makusudi, akaendelea kuandika, mstari juu ya mstari.

"Wewe huko unaona nini?" akamuuliza.

"Naona mstari mwekundu. Umekosea pale juu."

"Mimi nimesikia nini?"

Akajibu: "Hakuna. Hujasikia kitu."

"Basi ndiyo hivyo. Naweza kujenga nyumba nzima hapa, na nyinyi mnaitazama imepinda, na mimi naendelea kupaka rangi."

Yule dada akasema ule mstari mwekundu waliuchora wakiwa na haraka, wakafurahi, wakaenda kula. Hawakuwahi kumfikiria mtu wa upande huu. Kisha akauliza, "Mwalimu, ungependa usikie nini?"

Nilimwona Mwalimu akishika ukingo wa kitanda. "Unajua, dada yangu, hilo sijawahi kuulizwa. Nipe muda nilifikirie."

Wakati huohuo aliingia mteja, akamwendea Bishoo kwa sababu ndiye aliyevaa vizuri kuliko mwenye duka, akamuuliza kama lile godoro linabonyea. Bishoo akajibu kwa minong'ono, ili asiharibu simu, kwamba yeye analikalia kwa muda mrefu na halijamkunjia suruali. Mteja akalinunua. Mama mwenye duka ametuambia turudi siku yoyote.

Ijumaa, 3 Mei

Toleo la majaribio la Jembe limefika. Ukikosea, linatoa sauti. Sauti yenyewe ni ya mbuzi aliyekanyagwa. Mwalimu amemwaga chai.

Maoni yetu: "Asanteni. Imesikika. Tafadhali msiirudie."

Jumatano, 8 Mei

Sauti ya pili. Laini, ya kupendeza, na mvua inaimeza yote.

Jumatatu, 13 Mei

Sauti ya tatu ni mtu anayesema "Kosa. Kosa. Kosa." Mwalimu amesema ameshafika umri wa kutokaripiwa.

Bishoo amekuwa anasikiliza haya yote kwa mbali. Leo amekuja stoo na kusema, bila kukaa, kwamba shida si sauti gani, shida ni sauti ndefu. Iwe fupi, iwe nzito ya chini, ipite chini ya kelele ya mvua badala ya kushindana nayo. Anajua habari za muziki kumbe. Mimi nilikuwa namdhania habari za pasi tu.

Mwalimu akafikiri. Kisha akagonga meza kwa kifundo cha kidole, mara moja. Ko.

"Hivi," akasema. "Kama mtu wa heshima anayebisha hodi. Hakupigii kelele. Anakujulisha yupo mlangoni, basi."

Tukashuka dukani, maana ndiko kunakorekodika. Mama mwenye duka akafunga mlango na kuzima feni. Mwalimu akagonga kaunta yake ya mbao, Bishoo akarekodi, akamwambia agonge tena, halafu tena kwa upole zaidi, mpaka wote watatu wakaridhika, na mama mwenye duka ndiye aliyechagua iliyo bora. Tumeituma.

Jumanne, 21 Mei

Hakuna jibu. Kobe ameanza kutuonyesha onyo kila asubuhi kwamba siku zake zinakwisha. Kompyuta ya Mwalimu inamsomea onyo hilo kwa sauti, kila asubuhi, lote.

Ijumaa, 24 Mei

Kimya bado. Mkuu amemwita Mwalimu ofisini kwake na wamekaa muda mrefu. Nilipita mlangoni nikijifanya natafuta karatasi. Walikuwa wanacheka, lakini Mkuu alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Ameniambia tu, "Andika barua nyingine kwa Jembe. Waambie tunawasubiri." Hiyo barua nimeiandika bila adabu ya ripoti. Nimeandika kwamba kuna mtu hapa ambaye hii ndiyo kazi yake, anaijua na anaipenda, na mlango wake uko mikononi mwenu.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua ndogo. Mapacha wana homa ya mafua. Sikwenda kazini.

Jumatano, 29 Mei

Toleo jipya la Jembe lilifika asubuhi, pamoja na maneno mafupi: samahani kwa kimya, tulitaka kila aina ya kosa iwe na namna yake, kosa dogo hodi moja, kubwa hodi mbili. Na mtu anaweza kuuliza "wapi?" na Jembe linampeleka kwenye mstari wenyewe.

Mwalimu alikaa, akavaa hedifoni, halafu akaivua, akaichomoa ili na sisi tusikie. Akaandika. Akakosea.

Ko.

Akarekebisha, akaandika tena, akakosea kwa kusudi, kubwa. Ko ko. Akauliza wapi. Likampeleka. Akaendelea hivyo kama mtoto aliyepata kengele ya baiskeli, anakosea, anabishiwa hodi, anakosea, mpaka Mkuu akasema kwa sauti isiyokuwa ya kimkuu hata kidogo, "Basi Mwalimu, utalichosha."

"Ni mkono wangu," akasema. "Sikilizeni. Ni mkono wangu mwenyewe unaniambia nimekosea."

Nilitoka nje, nikasimama kwenye ngazi, nikalia kidogo, nikarudi.

Ijumaa, 31 Mei

Tumehamia Jembe, wote wanne. Kobe amefungwa jioni. Mwalimu alimwandikia mstari wa mwisho wa kumuaga, kisha akakosea herufi na akacheka. Bishoo, ambaye kwa siku mbili amekuwa anaomboleza rangi za Bibi Harusi, amewasha sauti ya hodi kwenye kompyuta yake pia, anasema inampumzisha macho. Kufikia mchana amebishiwa hodi mara nyingi kiasi kwamba Mkuu amemwomba avae hedifoni.

Kwenye ripoti nimeandika: zana iliyochaguliwa ni ya tatu. Sababu nimezieleza kwa kurasa nyingi. Mwalimu ameniomba niongeze mistari yake miwili chini. "Inanifaa. Haina maneno mengi."

Jumatano, 5 Juni

Mvua imekwisha. Mtaa unanuka vumbi jipya na watu wameanika kila kitu walicho nacho. Nilidhani nimemaliza kuandika, lakini la leo sitaki linipite.

Tulikuwa kwenye chai ya saa nne. Simu ya Mwalimu ikaita. Alikuwa mwanamke tusiyemjua, anapiga kutoka mji mwingine, namba alipewa na dada wa Jembe. Alisema alikuwa mwandishi wa programu. Macho yalipomwacha, ofisi yao ilimfanyia sherehe. Mwalimu akauliza kama walimpa saa ya ukutani. Akasema walimpa redio. "Wamekuzidia akili," Mwalimu akasema, na yule dada akacheka, na hapo tukajua wataelewana.

Sasa anapokea simu kwenye duka la kaka yake. Amesikia kuna zana inayobisha hodi, ameiweka kwenye kompyuta jana, na anaogopa kuifungua.

"Uko mbele yake sasa hivi?"

"Niko mbele yake."

"Ifungue. Mimi nipo. Na wenzangu wapo hapa wanakunywa chai, ukipenda wasikilize."

Akasema tusikilize. Mwalimu akaweka simu katikati ya meza. Tulisikia kibodi ikigongwa, kwanza kwa kusita, kidole kimoja, kisha viwili. Ikanyamaza. Ikaanza tena. Na kwenye simu, kutoka mji mwingine, tukasikia kidole cha Mwalimu kikigonga kaunta ya duka la magodoro.

Ko.

Mkuu akaweka kikombe chini.

"Nimekosea," yule dada akasema. Sauti yake ilikuwa imepanda juu kama ya msichana. "Mwalimu, nimekosea. Nimesikia. Nimekosea."

"Vizuri sana," akasema Mwalimu. "Sasa rudi polepole. Uliza wapi. Usiwe na haraka, tuna chai ya kutosha."

Akauliza wapi. Akapelekwa. Akafuta, akaandika upya, herufi kwa herufi, na sisi wanne tumeinamia simu ile, Bishoo ameshika kikombe hewani hakijui kiende wapi. Akafika mwisho wa mstari. Akaacha kugonga.

Tukasubiri. Hakuna aliyebisha hodi.